Nilimpa Kaka Ini, Nikamnyima Faili

Nina miaka arobaini na sita. Ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Newala, mjane, mama wa binti mmoja aitwaye Shukuru. Tumboni nina kovu linaloanzia chini ya kifua na kukunja kona kwenda ubavuni, na kwa miaka miwili nilikuwa nikilionyesha kwa watu kama mwingine anavyoonyesha cheti. Mkimaliza kusoma mkanichukia, sawa. Mimi mwenyewe sijipendi.

Sitawapaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Nitasema yote.

Kaka yangu Sipriani alikuwa mkulima wa korosho kule Chiungutwa, upande wa Masasi, tulikozaliwa. Kwa mama yetu tulikuwa wawili tu. Na kwetu sisi mtoto ni wa ukoo wa mama, mjomba ndiye mwenye neno. Mume wangu alipofariki, kaka ndiye aliyemsomesha Shukuru, ndiye aliyemshika mkono siku ya kipaimara. Ikija posa, haijibiwi mjomba akiwa hayupo.

Miaka michache iliyopita kaka akaanza kuvimba miguu, tumbo likajaa maji. Watu wakasema ni uraka, ile pombe ya maji ya mabibo, matunda ya mkorosho, kwa kuwa ujanani aliinywa kama vijana wote wa kwetu. Daktari akasema hapana, ni virusi vya homa ya ini vilivyokaa mwilini miaka mingi bila kelele. Nilimsikia daktari kwa sikio moja. Sikio la pili nililiachia maneno ya watu, na hilo ndilo lililoniponza.

Ini lake lilikuwa limekwisha. Likatakiwa ini la mtu hai, wakate kipande wampandikize. Mkewe, Mama Tumaini, akapimwa wa kwanza. Hakufaa. Nikapimwa mimi, nikafaa...

Nikiri kitu ambacho sijawahi kumwambia mtu. Nilifurahi kwamba yeye hakufaa. Wifi huyo sikumpenda tangu siku ya ndoa yao, na sikuwa na sababu ya maana. Alikuwa mpole mno, na upole wake ulinikera. Sasa nilikuwa na kitu ambacho yeye hakuweza kumpa mumewe.

Tulivyofika India ni habari ndefu, ukoo na kanisa vilijikamua, tuyaache hayo. Tulipasuliwa siku moja, yeye chumba hiki, mimi chumba kile. Ini lina maajabu yake, ukikatwa kipande linakua tena. Langu likakua, na lile alilopewa kaka nalo likakua.

Kabla ya kurudi nyumbani, kaka aliingizwa kwenye mashine ya MRI. Walimchoma mkononi dawa ya kung'arisha picha, halafu wakangoja kama dakika ishirini. Daktari aliniita nitazame kwenye kioo cha kompyuta. Akanieleza kwamba ini linalofanya kazi huila dawa ile likawa jeupe, kisha huisukuma pamoja na nyongo kwenye mrija mpaka utumboni. Lisilofanya kazi hubaki na giza. Nikatazama... Kipande changu kilikuwa cheupe pe! Nililia mbele ya mgeni yule bila aibu. Nikajisemea, lile ni ini langu, linang'aa ndani ya kaka yangu.

Daktari akatuonya sote wawili. Mrija wa nyongo wameushona, na mshono waweza kusinyaa siku moja hata mgonjwa afuate kila sharti. Macho yakiwa ya njano, ngozi ikiwasha, arudi hospitali mara moja na faili, apigwe picha ile ile ilinganishwe na hii. Na pombe asionje.

Faili la bluu, na sidii ya picha ndani yake, nilikabidhiwa mimi kwa kuwa ndiye ninayesoma Kiingereza. Nilipofika Newala nikaliweka kabatini chini ya vitenge vyangu vya harusi, nikafunga kwa ufunguo. Sikulifungua tena. La nini? Kaka alikuwa mzima, anapalilia, anameza vidonge vyake kila kengele ya simu ikilia.

Lakini mimi sikuwa mzima, ndugu wasomaji. Nilikuwa na ugonjwa wa masimango. Nikifika Chiungutwa nikikuta anakula nyama ya mafuta, nasema, usiliumize ini langu. Akibeba gunia, nasema, ini langu halikuja kubeba magunia. Watu wanacheka, naye anacheka. Nilidhani anafurahia.

Msimu uliopita wa korosho nikaenda kwao kumpa habari njema. Kijana mmoja mwalimu wa Lupaso alikuwa ametuma ujumbe, wazee wake wanataka kuja kumposa Shukuru. Nilimkuta kaka amekaa chini katikati ya mabibo, anatenganisha korosho. Nikampa shikamoo, akaitikia. Nikasogea.

Shati lake lilinuka mabibo yaliyochacha. Alikuwa akijikuna mikono mpaka imetoka mistari. Akainua uso, nikaona macho. Yalikuwa ya njano.

Nikamuuliza, "Kaka, unakunywa?"

Akacheka kidogo. "Nakunywa maji, yakipatikana. Mama Shukuru, hii ni wiki ya pili macho yangu yako hivi. Walisema nikiwa njano nirudi na lile faili. Niletee basi."

"Walisema pia usinywe," nikamjibu.

Hebu nijiulize mbele yenu. Mimi nimezaliwa kwenye mikorosho. Tangu utoto wangu nimekaa kwenye mabibo, na shati langu limenuka hivyo hivyo, na sijawahi kuonja tone. Msimu mzima kijiji kizima kinanuka, mchungaji ananuka, watoto wa shule wananuka. Na macho ya mlevi huwa mekundu. Ya kaka yalikuwa ya njano! Nani wa kwetu hajui tofauti hiyo? Nilijua. Sikutaka kujua.

Wakati naondoka, ndugu yetu Kanuti akanifuata mpaka kwenye bodaboda. Kanuti ni mtoto wa mama mdogo, kwa hiyo naye kwa Shukuru ni mjomba, ila mjomba wa pembeni. Akaniambia kwa sauti ya huruma kwamba anamwona kaka kila jioni amekaa kwa Mama Zuhura, pale wanapokamulia mabibo. "Sipendi kusema, dada," alisema, "lakini ile nyama yako inalewa."

Maneno yale yalinichoma kuliko kisu cha India. Njia nzima hadi Newala nilikuwa nahesabu. Nimelala kwenye kitanda cha ugenini, nimetobolewa mipira, nimekatwa... ili yeye akakae kwa Mama Zuhura?

Jumamosi iliyofuata niliita kikao cha ukoo, uani kwake mwenyewe. Nilisimama kama nasimama darasani. Nikasema ini ni langu, nina haki ya kuuliza linanyweshwa nini. Wazee wakaguna, wengine wakacheka chini chini. Hakuna hata mmoja aliyesema, tungoje kwanza apimwe.

Mama Tumaini ndiye aliyeinuka. Alisema, "Wifi, mimi ndiye ninayelala naye. Hanywi. Anaumwa."

Nikamwambia, "Wewe nyamaza. Hata ini lako lilimkataa."

Watu walicheka. Yeye akakaa chini, akavuta kanga usoni. Mpaka leo nikisikia watu wanacheka uani, naiona ile kanga yake.

Nikamalizia kwa pigo nililolipanga. Nikatangaza kwamba posa ya Shukuru atasimama Kanuti, kwa sababu binti yangu hawezi kujibiwa na mlevi. Kwetu hilo ni sawa na kumvua mtu nguo. Kaka hakugombana. Alisema tu, "Sawa. Lakini faili nipe."

Nikamwambia hapana. Nikuone mkavu mwezi mmoja, ndipo faili litoke. Nikaondoka, na tangu nifike sikuwa nimempa shikamoo. Kaka yangu mkubwa, tangu nijue kusema sijawahi kumpita bila shikamoo, siku ile nilimpita kama mti.

Alipiga simu. Sikupokea. Alituma ujumbe, "Mdogo wangu, faili." Nikausoma, nikafuta. Wiki ya kwanza, ya pili, ya tatu... Kila nikifungua kabati kuchukua kitenge naliona lile bluu, nafunga. Nilikuwa najisikia mtu wa haki.

Wiki ya nne, Mama Tumaini akaja Newala kwa bodaboda, vumbi mpaka kwenye kope. Alinikuta nyumbani mchana. Sikumpa kiti. Alisema kaka anatetemeka kwa homa, mkojo umekuwa kama chai ya rangi, na hospitali ya kule wameshauri apelekwe Dar es Salaam na karatasi zake za upasuaji. Nikamwambia, "Hiyo ni arosto. Pombe inamtoka. Mwache imtoke."

Akaniomba maji ya kunywa. Mnaijua Newala kwa shida ya maji. Nilikuwa na ndoo mbili. Nikamwambia hayo ni ya kesho.

Alinitazama, akafunga kanga vizuri, akaondoka. Hakunitukana. Laiti angenitukana, pengine ningeshtuka.

Walikwenda Dar bila faili. Madaktari wakampokea, wakamtundikia dripu, wakaanza kumtibu kwa walichokiona. Lakini walitaka kujua mrija ulishonwa vipi na wapi, na walitaka ile picha ya kwanza. Shukuru alikuwa amewafuata huko bila kuniaga. Akanipigia. Mtoto wangu mpole yule, hakunisalimia. Alisema, "Mama, usipoleta faili, hiyo posa jibu mwenyewe, na binti utafute mwingine."

Nilipanda basi la Dar la alfajiri pale Masasi, faili mapajani. Na humo ndani ya basi, baada ya miaka miwili, ndipo nilipolifungua.

Karatasi ya tatu. Kiingereza chepesi ninachowafundisha watoto. Iliandikwa kwamba mrija una mshono mmoja, mwembamba, uangaliwe. Iliandikwa mgonjwa akiwa na manjano au kuwashwa asisubiri, apigwe picha ya MRI kwa dawa ile, kwa kuwa kusubiri kunaweza kuliharibu ini. Chini yake kulikuwa na sahihi yangu. Niliisaini pale nilipokabidhiwa, wala sikuisoma.

Abiria wa jirani aliniuliza kama nimefiwa. Nikamjibu bado.

Nilimkuta kaka kwenye kitanda cha magurudumu, anasubiri kuingizwa kwenye MRI. Alikuwa wa njano kama embe lililoiva, mifupa ya mashavu imechomoza. Nikapiga magoti. "Shikamoo, kaka."

"Marahaba," alisema. "Faili limekuja?"

Hakuuliza kingine. Nikamwonyesha. Akafumba macho.

Nilikaa nje ya kile chumba na wifi yangu, benchi moja. Mlango ulipofunguliwa kidogo tulisikia sauti ikimwambia, vuta pumzi, toa, usipumue. Kisha wakamchoma ile dawa, kikaja kile kipindi cha kungoja. Dakika ishirini. Nikaomba, Mungu, ling'ae. Na hapo hapo, nawaambia ukweli, moyo wangu mbaya ulikuwa bado unataka ionekane pombe. Maana isipoonekana pombe, mimi ni nani?

Daktari akatuita, akaziweka picha mbili sambamba. Ya kwanza ile ya India, ini jeupe. Ya pili ya siku ile... kijivu, na mabaka ya giza upande mzima. Mrija nao ulionekana umetanuka, ukafika kwenye mshono, ukakatika.

Nikauliza, mbele ya mkewe, "Daktari, ni pombe?"

Alinitazama juu ya miwani. Aliuliza tumetoka wapi, nikamwambia Newala. Akasema, "Basi tatizo la bomba unalijua, mama. Tangi linajaa, bomba limeziba, maji yanarudi nyuma. Nyongo imerudi kwenye ini wiki nyingi, ikaleta usaha. Pombe haizibi hapa, hapa ni kwenye mshono. Ameanza kuwa njano lini?"

Mama Tumaini akajibu, "Hii ni wiki ya saba."

"Na faili lilikuwa wapi muda wote huo?"

Nilimgeukia wifi, nikamsubiri anitaje. Alitazama sakafu. Hakunitaja, na hata mimi sikujitaja.

Walimwekea kijipira cha kuupanua mrija, usaha ukatoka. Siku mbili akapata nafuu, akaanza utani, akasema posa isogezwe mbele, atasimama yeye, Kanuti akae akapige chafya huko. Nikachukua nafasi hiyo nikamshika mkono, nikamwomba msamaha. Akasema, "Nimechoka, Mama Shukuru. Tutaongea nyumbani."

Sumu ilikuwa imeshaingia kwenye damu. Siku ya tano akafariki. Nyumbani hatukuongea.

Tulimzika Chiungutwa, mabibo bado yanaanguka. Kanuti alikuja matangani macho yake yakiwa mekundu, na harufu yake haikuwa ya shati. Mama Zuhura, yule wa kukamua mabibo, alinijia akilia. Aliniambia kaka alikuwa akikaa kwake jioni kwa sababu kutoka shambani hadi nyumbani palimshinda kwa mkupuo mmoja, basi anapumzika na kuomba maji. Wanywaji walimtania aonje. Akawaambia, "Hili ini si langu. Ni la dada, nalitunza."

Nilianguka pale pale. Watu walidhani ni uchungu wa ndugu.

Siku ya kuanua tanga, Mama Tumaini alitoka ndani na lile faili la bluu. Akaniwekea mapajani kwa mikono miwili, kwa adabu, mbele ya ukoo mzima. Alisema, "Chukua, wifi. Wewe ndiye unayejua kulitunza."

Baada ya arobaini wazee wa Lupaso walikuja na posa yao. Wakauliza, kama ilivyo desturi, mjomba wa binti ni yupi. Kanuti akakohoa, akajiweka sawa. Shukuru akatoka ndani, akawaamkia wazee, akasema mjomba wake amefariki, na kiti chake atakikalia Mama Tumaini. Wazee wa ukoo walinong'ona, mwanamke, tena aliyeolewa tu kwetu... Wakanitazama mimi niwasemee. Mama Tumaini akakaa kwenye kile kiti, akaitikia posa kwa sauti ndogo. Mimi nilikaa nyuma, kwenye mkeka, na wapishi.

Mama Tumaini hanisemeshi mpaka leo zaidi ya salamu. Shukuru hunipigia Jumapili, dakika chache. Kanuti alikuja kuomba soda ya posa, ule mgao wa mjomba, nikamfukuza, lakini namfukuza nini? Yeye alisema maneno. Ufunguo nilikuwa nao mimi.

Darasani kuna methali naifundisha kila mwaka, tenda wema nenda zako. Watoto wanaimba, mimi naweka vema. Sasa ikifika nalitoa darasa zima nje wakapumzike.

Ndugu zangu mnaosoma, mkitoa kitu, kitoeni kiende. Msikifuate nyuma kukichunga, mkahesabu na pumzi za mliyempa. Na mgonjwa akisema anaumwa, mpelekeni kwanza kwenye kipimo, hukumu isubiri. Picha ile haijui ukoo, haisikilizi umbea, inaonyesha kilichopo. Kama una karatasi za mgonjwa ndani ya kabati lako, hata kama umemkasirikia, hata kama unadhani anastahili, nakuomba kwa kovu hili... simama sasa hivi umpelekee.

Faili langu la bluu bado lipo, chini ya vitenge. Kabati silifungi tena.